Kiazi wa Chumba cha Kumi na Saba

Dakta Manori Kuruppu alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kengele, na asubuhi ya kwanza ya semina aliwaomba washiriki wajitambulishe: jina, bweni, miaka ya kazi. Walikuwa kumi na wanane, matroni na mapatroni wa mabweni yote ya chuo, pamoja na walinzi wawili wa getini waliojibanza nyuma kabisa karibu na birika la chai. Chuo kiliwaita kwa Jumatatu mbili zinazofuatana wajifunze namna ya kuzuia ragi. Hilo ndilo jina la ule mtindo wa wanafunzi wa mwaka wa pili kuwatesa wageni wa mwaka wa kwanza, na kila mtu ukumbini alilijua jina hilo kuliko alivyopenda kusema.

Irosha alikaa safu ya tatu, pembeni, mahali ambapo macho ya mwezeshaji hayafiki kwa urahisi. Alikuwa matroni wa Bweni la Pili kwa miezi saba tu. Zamu yake ilipofika alisema jina lake kwa sauti ndogo kiasi kwamba Dakta Manori alilazimika kumwomba arudie.

"Irosha Welagedara," alirudia, na masikio yakamwaka moto.

Aliyefuata hakuwa na shida hiyo. Alikuwa patroni wa Bweni la Tano, mtu mwenye kitambi na masharubu aliyoyapaka mafuta.

"Mimi ni Wijekoon, lakini wenzangu wote wa chuoni wananiita Chura mpaka leo. Hilo ndilo jina langu la kadi. Walinitupa kwenye dimbwi la nyuma ya maktaba, nikatoka. Sasa nikuulize, Dakta, nilikufa?"

Ukumbi ukacheka. Kila aliyesoma chuo kile alikuwa na jina la kadi, jina la utani ambalo wakubwa humbandika mgeni wakati wa ragi, na likishabandikwa halibanduki.

"Hukufa, Bwana Wijekoon," Dakta Manori akasema. "Ila miaka thelathini imepita, tumekuomba jina, na ametujibu chura."

Ukumbi ukacheka zaidi, na Wijekoon mwenyewe akacheka, ingawa aliyashika masharubu yake kana kwamba yanataka kudondoka.

Irosha naye alitabasamu. Yeye alikuwa Paka. Mwaka wake wa kwanza, kwa sababu ya ile sauti yake, wakubwa walimwamuru alie nyau kabla ya kujibu swali lolote, hata la saa ngapi. Siku ya mahafali wenzake walimwita "Paka! Paka, njoo tupige picha!" mbele ya wazazi wake, na mama yake alipouliza, alimwambia kwamba bwenini walikuwa wanafuga paka. Mpaka leo hakuweza kusema kama jina hilo alilipenda au lilimuuma. Alijua tu kwamba kwenye harusi za wenzake aliligeukia upesi kuliko jina lake.

Dakta Manori aliwafundisha dalili. Msichana aliyekuja na sketi za kawaida, ghafla anavaa zinazoburuta chini. Nywele mikia miwili, kandambili za mpira, hakuna hata hereni. Mvua inanyesha naye ana mwavuli mkononi, hathubutu kuufungua. Anatembea macho chini, kwa mstari, na wenzake. Ukiona hayo, alisema, usingoje. Mwite ofisini, funga mlango, msikilize, jaza fomu. Fomu ilikuwa ya kurasa mbili, na Irosha aliikunja vizuri akaiweka kwenye mkoba.

Kesho yake mchana aliingia bwaloni wakati wa chakula. Alikuwa ameshamwona yule msichana wa chumba cha kumi na saba, Sewwandi, mgeni kutoka upande wa Monaragala, mwembamba, mikia miwili, kandambili. Siku hiyo aliona pia mikono yake. Ngozi ya vidole ilikuwa imechubuka na kuwa nyeupe, kama ya mtu aliyeloweka mikono tangu alfajiri. Irosha akasimama karibu na sufuria ya dengu, akakusanya sauti yake yote.

"Sewwandi, ukimaliza kula njoo ofisini kwangu."

Bwalo lilinyamaza. Vijiko vikasimama. Irosha alidhani wamenyamaza kwa heshima.

Ofisini alifunga mlango kama alivyoelekezwa, akatoa fomu.

"Usiogope, mdogo wangu. Hapa ni mimi na wewe tu. Wanakufanyia nini?"

"Hawanifanyii kitu, Madam."

"Na mikono?"

"Sabuni, Madam."

"Unafua nguo za nani?"

Sewwandi aliangalia mlango. Alikuwa amekaa ncha ya kiti, kama mtu anayesubiri basi.

"Madam, naomba nitoke."

"Bado kidogo. Nataka nikusaidie."

"Tafadhali, Madam. Wanahesabu."

"Nani anahesabu? Wanahesabu nini?"

"Dakika."

Irosha alilisikia neno hilo vizuri kabisa. Baadaye alilikumbuka kila siku. Lakini wakati ule ukurasa wa pili ulikuwa bado mtupu, na Dakta Manori alikuwa amesisitiza kwamba fomu isiachwe nusu. Akamshikilia msichana yule dakika ishirini nyingine, kwa upole mwingi, akimuuliza maswali ambayo hayakujibiwa hata moja.

*

Aliyemfumbua macho ni mpishi, mama Seelawathi, siku ya Jumamosi.

"Madam, jikoni kwangu kuna panya wa miguu miwili."

"Ameiba nini?"

"Kiazi. Kimoja. Jana kimoja, juzi kimoja, Jumatano kimoja. Hebu niambie, panya gani huyo anayechagua kiazi kimoja kizuri kila asubuhi na kuacha samaki mkavu?"

Irosha alikuwa amesoma hapa. Alijua kiazi ni nani.

Kiazi ni mwanafunzi aliyekimbilia kwa viongozi wa chuo. Anayeshtaki ni kiazi, anayekataa kuitikia amri ni kiazi, anayeonekana akiteta na mhadhiri au matroni mlango umefungwa ni kiazi pia. Na kiazi hasemeshwi. Hakai na mtu mezani. Haalikwi kwenye kupi, yale masomo ya jioni ambayo wa mwaka wa pili huwafundisha wadogo zao na kuwapa madaftari yao ya zamani, na bila kupi kuufaulu mtihani wa kwanza ni kazi ya kupanda ukuta. Hata wageni wenzake wanaoteswa pamoja naye hulazimishwa kumpa mgongo. Kwa miaka minne. Irosha katika mwaka wake aliwajua viazi watatu, na alipojaribu kukumbuka sauti zao hakuipata hata moja. Hakuwahi kuzungumza nao.

Na huyu wa nne alikuwa amempika yeye mwenyewe, kwa fomu ya kurasa mbili.

Jumapili alasiri Sewwandi alikuja ofisini bila kuitwa. Mlango aliuacha wazi. Sasa hakuwa na cha kuficha. Aliweka mezani karatasi ya kuomba kuondoka chuoni, imejazwa kwa mwandiko wa duara, imebaki sahihi ya matroni tu.

"Wananiwekea juu ya mto wangu wa kulalia, Madam. Nikitoka kuoga nakikuta," alisema. "Cha leo walikichora macho na mdomo."

"Nani anaweka?"

"Hata nikijua nitasema ili iweje? Nimeshakuwa kiazi bila kusema kitu. Na wewe Madam ndiye uliyenifanya."

Hakulisema kwa ukali. Ndiyo maana lilichoma.

"Ni kweli," Irosha akasema. "Ni mimi. Nisamehe."

Sewwandi alimtazama kwa mara ya kwanza. Pengine hakutarajia.

"Ukiondoka, nafasi yako haitakungoja," Irosha akasema. "Unalijua hilo."

"Nalijua. Shuleni kwetu ni mimi wa kwanza kuingia kitivo cha sayansi. Waliniletea ngoma mpaka stendi." Alinyoosha ukingo wa karatasi. "Nitamsaidia baba mahindi. Mahindi hayanyamazi ukiingia."

"Nipe mpaka Ijumaa."

"Ijumaa kutakuwa na nini, Madam?"

Irosha alitamani sana kuwa na jibu zuri.

"Sijui," alisema. "Lakini nipe."

Msichana aliiacha karatasi mezani. Ofisini kulibaki harufu ya sabuni ya kufulia.

*

Jumatatu ya pili ya semina, Dakta Manori alianza kwa kuuliza nani amejaribu waliyojifunza. Watu walishughulika na skonzi zao zile za umbo la mamba, zenye sukari mgongoni. Irosha aliona mkono wake mwenyewe ukiinuka, akaushangaa kama mkono wa mtu mwingine.

"Mimi nimejaribu," alisema. "Nimemharibia mtu maisha."

Alisimulia. Mara mbili waliokaa nyuma walimwambia apaze sauti, akapaza. Alipofika kwenye vile viazi vya juu ya mto wa kulalia, walinzi waliacha kutafuna.

"Sasa, binti," patroni mmoja wa zamani akasema, "ulimwita bwaloni? Mbele ya watu? Wewe si umesoma hapa?"

"Nimesoma hapa."

"Ulikuwa hujui?"

"Nilijua. Niliposhika fomu nikasahau kwamba najua." Akawageukia wote. "Na kuna jambo jingine. Nilipokuwa mwaka wa pili, kulikuwa na msichana mmoja alishtaki. Alikuwa analala kitanda cha jirani. Miaka mitatu sikumsemesha. Hakuna aliyenishikia fimbo. Niliogopa tu kwamba nikimsemesha nitakuwa mimi."

Dakta Manori alikuwa amekaa kwenye ncha ya meza. Alivua miwani, na bila miwani alionekana mdogo zaidi.

"Hiyo hatua ya kumwita ofisini niliiandika mimi," alisema. "Na mimi nilisoma nikitokea nyumbani. Kila jioni mama yangu alinipokea na chakula. Sijalala bwenini hata siku moja. Mngeniambia wiki iliyopita."

"Hukutuuliza, Dakta," mlinzi mmoja akasema kule nyuma, na watu wakacheka kidogo, kicheko cha kupumua.

"Nawauliza sasa. Mtu mmoja akiitwa anakuwa kiazi. Tufanyeje?"

"Aa, kumbe rahisi!" Wijekoon alitupa mikono juu. "Dada yetu awaite wote! Bweni zima, mmoja mmoja, afunge mlango, awape na chai! Atamaliza wakati wajukuu zao wanahitimu!"

Ukumbi uliangua kicheko. Irosha hakucheka. Alikuwa anapiga hesabu kwenye ukingo wa daftari: wageni na wa mwaka wa pili, wote sitini na wanne, dakika kumi kumi.

Mapumziko yalipofika, Wijekoon alimfuata kwenye kibaraza na kikombe chake.

"Nilikuwa natania tu, ujue."

"Najua. Lakini nitafanya."

"Sitini na wanne?"

"Sitini na wanne."

Patroni aliangalia miti. Alikata mkia wa skonzi yake, hakuula.

"Lile dimbwi," alisema kwa sauti ambayo Irosha hakuwahi kuisikia kwake. "Mimi sikujua kuogelea." Kisha akakohoa, akarudi ndani, na kabla mlango haujafungwa Irosha alimsikia tena akimtania mtu.

*

Alianza jioni ileile. Alibandika orodha mlangoni: chumba cha kwanza mpaka cha thelathini na mbili, kila chumba mgeni mmoja na mkubwa mmoja, kila mmoja dakika kumi kamili, mlango umefungwa. Juu ya meza aliweka saa ya kengele, chupa ya chai ya rangi na sahani ya sukari guru iliyokatwa vipande. Fomu aliifungia kwenye kabati.

Swali lake lilikuwa moja kwa wote. "Wiki yako ya kwanza hapa, ilikuwaje?"

Kumi wa mwanzo hawakumwambia kitu. Walisema kuhusu mende, kuhusu bomba la ghorofa ya juu linalotoa maji ya kutu. Mmoja alimuuliza kama ana mchumba, na akasikitika kweli aliposikia hana. Mmoja hakusema neno, alikunywa vikombe vitatu, akatafuna sukari guru yote ya sahani, akashukuru, akatoka. Saa ilikuwa ikilia kila dakika kumi, na nje ya mlango wasichana walipanga foleni na madaftari yao, wakilalamika.

"Bado watu wangapi?"

"Tisa. Leo tunachemshwa sote."

"Mimi nataka kukaangwa!"

"Nyamaza wewe, kiazi."

"Kiazi mwenyewe! Nani hajaitwa hapa?"

Irosha, ndani, alisikia kicheko hicho kikipita chini ya mlango, akaona haya kwa jinsi alivyofurahi.

Zamu ya Sewwandi ilikuja Jumanne, ya mwisho siku hiyo. Alikaa dakika zake kumi kama kila mtu. Alikunywa chai. "Unajichosha, Madam," alisema, na kengele ilipolia akainuka.

Hiranya aliingia Jumatano, wa kwanza. Alikuwa wa mwaka wa pili, mrefu, mgongo umenyooka, na bweni zima lilijua kwamba yeye ndiye anayesema leo sketi ziwe ndefu kiasi gani. Sewwandi alikuwa akilala naye chumba kimoja. Hakugusa kikombe.

"Madam, unapoteza muda wako."

"Nina muda. Wiki yako ya kwanza hapa ilikuwaje?"

"Nzuri sana. Walinipa jina la Jiwe. Unajua kwa nini? Sikulia. Wote walilia, hata wale wanaojifanya wajanja. Mimi hata chozi."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja." Alitabasamu, halafu tabasamu likabaki lenyewe usoni, mwenyewe ameondoka. Saa ilikuwa ikigonga. Irosha hakuongeza swali. Kunyamaza hakukuwa kazi ngumu kwake, alikuwa amezaliwa nako.

"Baba yangu alikuja siku ya tatu," Hiranya akasema. "Ni seremala, kule Kegalle. Alipanda mabasi mawili. Mama alifunga wali kwenye jani la mgomba, na samaki, na achari ya embe. Akasimama pale getini. Sisi tulikuwa tunapita kwa mstari kwenda darasani, na dada zetu wa mwaka wa pili wakasema, atakayegeuza shingo atakiona. Basi baba akaniona. Akaniita kwa jina la nyumbani."

"Ukafanyaje?"

"Nikapita."

Mahali fulani juu mtu alikuwa anavuta kitanda.

"Aliniita mara mbili, Madam. Mara ya pili alishusha sauti, kama mtu aliyehisi amefananisha. Ule wali walikula walinzi. Mpaka leo hajaniuliza. Nikienda likizo ananitengenezea kiti, ananiuliza masomo, hajaniuliza. Ningejua hata niseme nini?"

Machozi hayakumtoka. Alikuwa anavikandamiza vidole vyake kimoja baada ya kingine.

"Halafu anakuja huyu," alisema, "na siku ya kwanza tu analia. Nampa nguo afue, analia. Nikamchukia, Madam. Nilikuwa najiuliza, yeye ni nani hata alie?"

Irosha alijua kwamba mwalimu mzuri hapo angesema jambo la busara. Yeye alisogeza tu kikombe.

"Sitakuficha," alisema. "Nitaandika ripoti. Nguo, viazi, yote. Sitaongeza chumvi wala sitapunguza. Wakiniuliza nani, nitawaambia wakuulize wewe kwanza, ujibu mwenyewe."

"Nitasimamishwa masomo."

"Inawezekana."

"Sasa kwa nini niseme? Kwa faida gani?"

"Sijui, mdogo wangu. Mimi kuna mtu sikumsemesha miaka mitatu, na sikusimamishwa popote. Nilihitimu vizuri tu." Alipangusa meza kwa kiganja. "Nilimwona mwaka jana sokoni. Alihamia upande wa pili wa barabara."

Saa ililia. Hiranya hakuinuka. Akachukua kikombe, chai ilikuwa imepoa, akainywa taratibu mpaka chini. Dakika moja ikapita, na nyingine. Nje mtu alikohoa kwa makusudi.

"Wanahesabu," Hiranya akasema, mdomo umempinda.

"Najua."

Alifuta midomo, akatoka mgongo umenyooka vilevile.

*

Alhamisi mchana Sewwandi alikuwa amekaa kwenye meza yake ya peke yake karibu na dirisha, sahani ya wali na dengu mbele yake, wakati Hiranya alipotoka kwenye foleni ya chakula na kupita meza ya wakubwa bila kusimama. Irosha alikuwa jikoni akihesabu sahani na mama Seelawathi. Aliona kupitia tundu la kupitishia chakula, akasahau amefika ngapi.

Hiranya aliweka sahani yake mezani kwa Sewwandi, akakaa.

Bwalo likanyamaza kama siku ile.

"Dada, umekosea meza," Sewwandi akasema bila kuinua macho.

"Sijakosea."

"Wanatuangalia."

"Waangalie. Wamelipiwa macho na wazazi wao."

Kutoka meza ya wakubwa mtu akapaza sauti: "We Jiwe! Umegeuka kiazi?"

"Ndiyo!" Hiranya akajibu bila kugeuka. "Na mchuzi wake ni mtamu, njoo uchovye!"

Wengine walicheka, wengine wakazoma. Sewwandi hakucheka. Alikuwa ameweka mikono yake mezani, wazi, kila upande wa sahani.

"Mikono yangu bado inauma," alisema.

"Najua."

"Hujui. Hukufua wewe."

"Nilifua mwaka jana. Za watu wanne."

"Basi ulijua," Sewwandi akasema, na sasa alimwangalia. "Ulijua inavyouma, ukaniletea zako."

Irosha alishika ukingo wa lile tundu. Alitaka Hiranya aseme kwamba na yeye aliumizwa, aseme habari za baba yake, aseme chochote. Hiranya akasema, "Ndiyo."

Sewwandi alimkazia macho, akavuta sahani yake akaendelea kula. Hakuhama, wala hakumfukuza. Walikula mpaka mwisho bila neno jingine, na kabla hawajamaliza, mgeni mmoja wa chumba cha tano, yule wa vikombe vitatu, alikuja na sahani yake, akakaa kwenye ncha ya benchi kama anayetarajia kupigwa.

"Arobaini na ngapi?" mama Seelawathi akauliza.

"Sijui, mama. Tuanze upya."

*

Ijumaa ilipita taratibu. Irosha aliwamaliza wasichana wa chumba cha mwisho saa tano asubuhi, akaosha vikombe, akakaa. Ripoti yake ilikuwa imeandikwa. Karatasi ya Sewwandi ilikuwa kando yake, bado haina sahihi, na kalamu juu yake. Alikuwa amejiahidi kwamba msichana akisema bado anataka kuondoka, atasaini bila kubembeleza, na atampeleka stendi mwenyewe. Alifanya mazoezi ya kusema hivyo bila sauti kukatika.

Sewwandi aligonga mlango baada ya chakula cha mchana. Alikuwa na mkoba wa vitabu begani na nywele bado mikia miwili, ila miguuni alivaa viatu.

"Sijamsamehe," alisema hata kabla ya salamu.

"Hakuna aliyesema umsamehe."

"Yeye amesema. Ameniomba asubuhi, wakati napiga mswaki. Mtu unaombwaje msamaha una povu mdomoni?"

Irosha alijizuia asicheke. "Ukamjibuje?"

"Nikatema kwanza. Halafu nikamwambia, aende kwa mkuu wa kitivo akaseme mwenyewe alichonifanyia, na walichofanya wenzake. Akirudi ndiyo tutazungumza. Na akisimamishwa pia tutazungumza."

"Akasemaje?"

"Yuko huko sasa. Amekaa kwenye benchi la nje tangu saa nne, mkuu alikuwa na kikao. Nimepita nikamwona." Sewwandi alihamisha mkoba bega la pili. "Nikampelekea maji. Maji tu, Madam, usifikirie vingine."

"Sifikirii."

Msichana aliitazama karatasi yake mezani. Hakuichukua. Irosha alihisi kalamu ikimkodolea macho, na sentensi yote aliyoifanyia mazoezi ikampotea.

"Na wewe?" aliuliza. Ilitoka sauti ndogo sana, ile ya zamani.

"Mimi wengi bado hawanisemeshi. Meza nzima ya pale mbele. Labda hawatanisemesha kabisa."

"Labda."

"Nilitaka kukwambia nimeamua, Madam. Lakini sijui kama mtu huwa anaamua mara moja." Alikaza mkanda wa mkoba. "Leo nina maabara ya kemia saa nane, na mwalimu wetu hafungulii aliyechelewa."

Irosha aliangalia saa. Ilikuwa saa nane kasoro dakika nne, na maabara ilikuwa juu kabisa kilimani.

"Sasa umesimama hapa unafanya nini?" alisema. "Kimbia!"

Sewwandi akakimbia.